MPIGA GITAA ALIYEKWAMA NJIANI
Sayansi ya kujifunza na utaratibu wa kuvuka hatua ya kati

Katika vijiji vya pwani ya Mtwara, tangu Mikindani hadi Ziwani na kuendelea kusini kuelekea mlango wa Mto Ruvuma, si ajabu kumkuta kijana mwenye gitaa. Aghalabu amejifunza kwa kutazama vidole vya kaka yake au vya mpigaji wa kwaya. Katika miezi ya mwanzo maendeleo yake huonekana kila juma: leo amejua kulinganisha nyuzi, kesho amepata wimbo mzima. Kisha maendeleo hayo husimama. Mwaka hupita naye angali anapiga nyimbo zile zile nne, kwa mwendo ule ule, na kukosea mahali pale pale. Majirani husema kwamba hana kipaji. Yeye mwenyewe huanza kuwaamini, na mwishowe gitaa hutundikwa ukutani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Kusimama kwa maendeleo katika hatua ya kati ni jambo lililochunguzwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka mia moja, na aliyekwama huweza kujitoa akifuata utaratibu. Ingawa mfano wetu ni gitaa, mwalimu wa hisabati au wa lugha atatambua kwamba habari hizi zinamhusu pia.

Kwa nini maendeleo husimama

Mnamo mwaka 1897 wataalamu wawili wa Marekani, William Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliokuwa wakijifunza kazi ya simu ya maandishi, yaani kupokea na kupeleka habari kwa milio mifupi na mirefu. Walichora mchoro wa maendeleo ya kila mwanafunzi, juma baada ya juma. Katika kupokea habari, mstari ulipanda, ukalala kwa majuma mengi kama uwanda wa juu wa mlima, kisha ukapanda tena.

Katika maelezo waliyoyatoa mwaka 1899, walisema kwamba ustadi hujengwa kwa tabaka. Mwanzoni mwanafunzi husikia herufi moja moja. Baadaye husikia neno zima kama kitu kimoja, na hatimaye fungu zima la maneno. Maadamu akili yake bado imeshughulishwa na herufi, haina nafasi ya kushika maneno. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mwanafunzi hupita katika uwanda huo, na kwamba namna ya kufundishwa yaweza kuuondoa. Hata hivyo, wazo la tabaka limedumu.

Mpiga gitaa wetu yumo katika hali hiyo hiyo. Bado anafikiria kidole kimoja kimoja. Anapobadilisha fungu la sauti, yaani sauti tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja, hulazimika kutazama shingo ya gitaa, na hapo mapigo hupotea. Si kwamba kipaji chake kimekwisha. Tabaka la chini halijawa imara kiasi cha kubeba la juu. Naye akirudia nyimbo zake nne kila jioni, haliimarishi tabaka hilo, bali anayazoesha makosa yake.

Shule iliyokuwa ndani ya bendi

Yafaa kujiuliza jinsi wapigaji wetu mashuhuri walivyovuka hatua hiyo. Bendi za dansi za Tanzania, kama vile Morogoro Jazz, NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, ziligawanya kazi ya magitaa. Lipo gitaa la solo, lipo la pili linalolijibu, lipo la rizimu na lipo la besi. Mgawanyo huo ulikuwa pia ngazi ya masomo. Kijana aliyepewa kazi ya rizimu alirudia mapigo yale yale kwa muda mrefu huku akiwasikia wenziwe, na kila alipoteleza bendi nzima ilimsahihisha papo hapo. Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alikulia katika mazingira ya namna hiyo akiwa na Morogoro Jazz, bendi aliyokwenda nayo kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970.

Njia nyingine ni ile ya mpigaji wa peke yake. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alitumia dole gumba na kidole cha shahada tu. Dole gumba lilishika sauti za chini bila kuyumba, na kidole cha shahada kikacheza juu yake. Mwanamuziki aitwaye David Rycroft aliandika upigaji huo kwa noti, akauchapisha katika miaka ya 1961 na 1962. Kwa sababu hiyo, ingawa Mwenda alifariki mwaka 1990, mwanafunzi wa leo anaweza kuufuata mkono wake hatua kwa hatua. Wapigaji wetu wengi wa pwani hawakupata bahati hiyo, na ujuzi wao huzikwa pamoja nao.

Kwa mwenye nafasi, zipo shule zenye mitaala, kama vile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo chimbuko lake ni Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 2002. Lakini kutoka Ziwani hadi Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Kijana wetu hana budi kujiwekea utaratibu hapo alipo.

Kanuni tatu za mazoezi

Kanuni ya kwanza: kidogo kila siku hushinda kingi kwa mara moja. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. Longman walieleza jinsi walivyowafundisha wafanyakazi wa posta wa Uingereza kutumia taipureta. Waliojifunza saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi ili wafikie ustadi kuliko waliojifunza saa nne kwa siku. Jambo la kuzingatia ni kwamba hao wa saa moja ndio walioridhika kidogo zaidi, kwa kuwa kwa hesabu ya siku walijiona wanachelewa. Mwanafunzi asiipime njia yake kwa furaha ya siku moja.

Kanuni ya pili: changanya mazoezi. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan walilinganisha makundi mawili yaliyojifunza mienendo kadhaa ya mkono. Kundi moja lilimaliza mwendo mmoja kabla ya kwenda kwenye mwingine, na jingine lilichanganya. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilionekana bora. Walipopimwa baada ya siku kumi, lile lililochanganya ndilo lililokumbuka vizuri zaidi.

Kanuni ya tatu: fanyia kazi penye udhaifu. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenziwe walichapisha uchunguzi juu ya wanafunzi wa fidla wa mjini Berlin. Walio bora zaidi walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao yenye shabaha maalumu. Wataalamu wengine wamesisitiza tangu hapo kwamba mazoezi si sababu pekee ya tofauti baina ya watu. Lakini hakuna aliyeonyesha kwamba mtu huweza kuwa stadi bila mazoezi hayo.

Utaratibu wa majuma kumi na mawili

Tunapendekeza dakika 40 kwa siku, siku sita kwa juma. Kabla ya kuanza, mwanafunzi ajirekodi kwa simu akipiga wimbo mmoja mzima, kisha asikilize na kuandika daftarini kila mahali alipokosea au aliposita. Orodha hiyo ndiyo mtaala wake wa kwanza.

Majuma 1–4: mapigo. Achague mabadiliko mawili ya mafungu ya sauti yanayomshinda. Ayapige polepole, mapigo 60 kwa dakika, na aongeze mwendo tu baada ya kupiga mara tatu mfululizo bila kosa. Kila baada ya dakika tano ahamie badiliko jingine, kisha arudi kwenye lile la kwanza. Katika dakika kumi za mwisho dole gumba lishike sauti za chini peke yake, na vidole vingine viongezwe baadaye.

Majuma 5–8: shingo ya gitaa na sikio. Hapa fizikia inasaidia. Kila chuma kilichokingamishwa shingoni huongeza idadi ya mitetemo ya uzi kwa kuizidisha mara 1.0595 takriban. Baada ya vyuma 12 idadi huwa maradufu. Uzi wa A hutetema mara 110 kwa sekunde, na ukibanwa kwenye chuma cha 12 hutetema mara 220, yaani sauti ile ile katika ngazi ya juu. Kama urefu wa uzi unaotetema ni sentimita 65, hapo umebaki sentimita 32.5. Maana yake kwa mpigaji ni kubwa: umbo moja la vidole, lisilotumia uzi ulio wazi, likisogezwa chuma kimoja kimoja humpa funguo zote 12. Aliyekariri maumbo mengi ya mahali pamoja atambue kwamba ameshika herufi, bado hajashika neno.

Kila siku atafute mafungu matatu makuu ya ufunguo mmoja: la sauti ya kwanza, la ya nne na la ya tano. Katika ufunguo wa C ni C, F na G. Nyimbo nyingi mno za dansi na za kwaya zimesimama juu ya matatu hayo. Kisha asikilize wimbo asioujua, auimbe kwa mdomo, atafute sauti ya chini kabisa ya kila fungu, na mwisho ajenge fungu lenyewe. Asitazame vidole vya mtu mwingine kabla ya kujaribu.

Majuma 9–12: kupiga na wengine. Wanafunzi wawili wanatosha: mmoja rizimu, mwingine solo, na wabadilishane kila siku. Wasikilize rekodi ya bendi ya zamani na kujaribu kutenganisha magitaa yake kwa sikio. Mwishoni mwa juma la 12 mwanafunzi ajirekodi tena wimbo ule ule wa mwanzo, alinganishe na daftari lake, na kuandika orodha mpya. Hapo mzunguko huanza upya.

Kipima mapigo cha mshipi na chubwi

Simu nyingi huweza kupakiwa programu ya kupima mapigo. Asiye nayo, au mwalimu atakaye kuunganisha somo hili na fizikia, atumie mshipi wa kuvulia na chubwi. Afunge chubwi kwenye mshipi, autundike kwenye msumari, na kulisogeza kidogo tu pembeni. Muda wa mbembeo mdogo hautegemei uzito wa chubwi, bali urefu wa mshipi. Ukipimwa kutoka msumarini hadi katikati ya chubwi, na kila mwendo wa kutoka upande mmoja hadi wa pili ukihesabiwa kuwa pigo moja, vipimo ni hivi:

Mapigo 60 kwa dakika: sentimita 99
Mapigo 80 kwa dakika: sentimita 56
Mapigo 100 kwa dakika: sentimita 36
Mapigo 120 kwa dakika: sentimita 25

Mwanafunzi ataona kwamba ili mapigo yawe maradufu, urefu haupungui kwa nusu, bali hubaki robo. Waachwe watafute wenyewe sababu yake katika kanuni ya timazi.

Usilaumu sikio kabla ya kukagua uzi

Jambo moja la pwani lisisahauliwe. Hewa yenye chumvi na jasho la vidole huzifanya nyuzi za chuma zishike kutu. Uzi wenye kutu hauna uzito ulio sawa kwa urefu wake wote, hivyo hata ukilinganishwa vema ukiwa wazi, hutoa sauti ya uongo unapobanwa. Mwanafunzi hudhani sikio lake ndilo bovu. Basi azifute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga, na asiliache gitaa juani, kwa maana joto hulegeza gundi na kupinda shingo.

Neno kwa walimu

Misitu ya Mtwara na Lindi hutoa mpingo, mti ambao kwao huchongwa klarineti na zumari za okestra zinazopigwa duniani kote, na ambao mafundi wengine huutumia katika magitaa. Mti wetu umekwisha kufika mbali. Mtoto aketiye chini ya kivuli chake hastahili kuambiwa kwamba muziki si fungu lake, kwa sababu tu hakuna aliyempangia njia.

Mwalimu asiyejua kupiga hata wimbo mmoja anaweza kusaidia. Anaweza kumpa mwanafunzi daftari, kumsaidia kupima mshipi, kumtafutia mwenziwe wa kupiga naye, na kumwuliza kila Ijumaa: “Juma hili ulikosea wapi, nawe umefanya nini juu ya kosa hilo?” Na mzee wa kijiji aliyewahi kupiga katika bendi akaribishwe shuleni, arekodiwe, na aulizwe alianzaje. Ujuzi wake ukiandikwa leo, kijana atakayekwama kesho atapata mahali pa kushika.