Sidii tupu za kuchomea: tazama kiwanda, si jina la kwenye boksi



Najua wapo watakaocheka: nani leo bado anachoma sidii? Lakini wengi wetu tulioko nje tuna makaseti ya wazee tuliyoyahamishia sidii miaka ile ya 2000, na wengine bado tunachoma mpaka leo, kwa kuwa jamaa kule nyumbani ana redio ya sidii na intaneti yake ni ya kuhesabia. Basi nieleze niliyojifunza, na niliyajifunza kwa hasara.

Mwaka 1996 nilimrekodi Mama Mkubwa pale Mombasa, kaseti ya dakika 60, akieleza mambo ya harusi za zamani na kuimba nyimbo za vugo ambazo sijapata kuzisikia kwa mtu mwingine. Alifariki 1999. Mwaka 2003, nikiwa huku Uingereza, nikaihamisha kaseti ile pamoja na nyingine nane. Dukani nilikuta rundo la diski 50 kwa bei ya kutupa, boksi lina jina kubwa linalojulikana, nikachukua bila kufikiri. Makaseti yenyewe nikayarudisha Mombasa, na huko yakaliwa na ukungu kabatini. Mwaka 2011 dadangu akanipigia simu: "Kakangu, ile sidii ya Mama Mkubwa haifunguki, mashine yanguruma tu." Nikatoa nakala yangu. Nayo vile vile. Lakini diski tatu nilizopewa wakati ule na mwalimu mwenzangu, zilizotengenezwa Japani, zinasoma mpaka leo.

Sasa tofauti ni nini? Sidii ya kuchomea ni plastiki ngumu ya unene wa milimita 1.2. Juu yake kuna utando wa rangi ya kikemia, juu ya rangi utando mwembamba wa madini unaong'aa, ama fedha ama dhahabu, na juu kabisa vanishi tu. Leza inapochoma hugeuza ile rangi, na hapo ndipo sauti yako inapokaa. Kwa hiyo upande dhaifu si ule wa chini unaong'aa, ambao sote twauogopea mikwaruzo, bali ni ule wa juu tunaouandika. Chini una zaidi ya milimita nzima ya plastiki ya kuulinda; juu ukikwaruza kwa kalamu ya bolpeni umefika kwenye data. Diski ya Mama Mkubwa ilianza kubanduka ukingoni, hewa na unyevu vikaingia, fedha ikafifia.

Rangi ziko aina tatu. Sayanini ndiyo ya kwanza, huonekana kibuluu-kijani, na haipendi mwanga. Azo ni buluu iliyokolea. Thalosayanini karibu haina rangi, huonekana ya kifedha au kidhahabu, nayo ndiyo inayostahimili mwanga kuliko sayanini. Taasisi ya Uhifadhi ya Kanada inakadiria thalosayanini juu ya dhahabu zaidi ya miaka 100, thalosayanini juu ya fedha miaka 50 hadi 100, na sayanini au azo miaka 20 hadi 50. Lakini jamani, hayo ni makadirio ya diski iliyotengenezwa vizuri na kutunzwa vizuri. Yangu ilikufa ndani ya miaka minane! Rangi njema katika kiwanda kinacholipua kazi haikusaidii kitu. Na zile diski nyeusi au za rangi za kupendeza, hiyo ni rangi ya plastiki tu, usidanganyike.

Hapa ndipo penye siri ya biashara hii. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hazikuwa na kiwanda. Zilinunua diski kwa wengine, leo kwa huyu kesho kwa yule, na boksi likabaki lile lile. Rafiki yako anaweza kukusifia aina fulani kwa haki kabisa, nawe ukanunua jina hilo hilo ukapata kitu kingine. Dawa yake ni kusoma alama iliyofichwa ndani ya diski tupu, inayoitwa ATIP. Programu ya bure ya ImgBurn huionyesha ukiingiza diski tu. Ukiona 97m24s01f, hiyo ni Taiyo Yuden ya Japani, ambayo wengi tuliiona bora kuliko zote; 97m26s66f ni CMC ya Taiwan. Alama hiyo si shahada ya ubora, lakini angalau wajua umeshika nini. Mimi hununua boksi dogo kwanza, nachungulia, ndipo naamua.

Taiyo Yuden waliacha kutengeneza diski mwishoni mwa 2015, kwa hiyo zinazouzwa ni akiba ya zamani, na muuzaji asiyejulikana anaweza kukuuzia za bandia. Verbatim iliyosifika kwa azo iliuzwa kwa CMC mwaka 2019, basi hata hapo alama ndiyo ya kutazama. Za dhahabu zipo kwa wanaouza vifaa vya maktaba, bei yake inauma, lakini kwa sauti ya marehemu mimi natoa.

Kuchoma nako kuna adabu yake. Usichome kwa kasi ya juu kabisa ati kwa sababu boksi limeandikwa 52x. 16x au 24x yatosha, na zima programu nyingine. Ukimaliza, iamuru programu ilinganishe diski na faili la asili, dakika chache tu. Kwa mazungumzo usichome sidii ya muziki: weka mafaili ya WAV kama data, maana sidii ya data ina ulinzi wa ziada wa kusahihisha makosa. Tena kaseti ya dakika 90 haiingii katika sidii ya muziki ya dakika 80, lakini ukiihifadhi kwa mkondo mmoja wa sauti, maana mzee mmoja kasemea maikrofoni moja, ni megabaiti 476 hivi, na diski inachukua 700. Ya muziki mchomee dada wa nyumbani asikilize. Yako iwe data.

Lebo za karatasi za kubandika zitupeni: huvuta utando na kuyumbisha diski. Andika kwa kalamu laini ya wino wa maji, tena kwenye duara la katikati lisilo na data. Isimamishe ndani ya kasha lake, gizani, pakavu, na kwa pwani yetu hilo ni gumu, kwa hiyo nakala ya Mombasa isiwe ndiyo ya pekee. Mimi sasa hufanya mbili, kutoka viwanda viwili tofauti, na ya tatu kwenye diski kuu ya nje.

Ya Mama Mkubwa niliihangaikia wiki mbili. Mashine moja ikikataa, nyingine hukubali, kwa hiyo niliazima za watu, tano kwa jumla, nikatumia programu ya Exact Audio Copy inayorudia kusoma mahali pabovu mara nyingi. Diski hii huanza kuandikwa katikati kwenda nje, na uozo ulianzia ukingoni. Nilipata dakika 41 za mwanzo. Maelezo ya harusi yapo yote. Nyimbo za vugo aliziimba mwishoni, na kati yake nimebakiwa na moja na nusu.