Daftari la Moodle na Usomaji Usioonekana

Makala haya yanahusu namna idara ndogo isiyo na fedha nyingi inavyoweza kujitengenezea chombo cha kufuatilia maendeleo ya wanafunzi wanaosoma kwa intaneti. Mfano tutakaoutumia ni Moodle, programu huria iliyoasisiwa na Martin Dougiamas wa Australia, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Leseni yake humruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza pasipo kulipia leseni, na hapo ndipo unafuu unapoanzia.

Kila mwanafunzi afunguapo ukurasa, ajibupo zoezi au atumapo insha, Moodle huandika mstari katika daftari la matukio lililomo ndani ya hifadhidata. Mstari huo hutaja ni nani, katika kozi gani, ametenda nini na saa ngapi. Basi chombo tunachokitaka si zaidi ya maswali yanayoulizwa daftari hilo. Ni nani hajaonekana kwa siku 14? Ni nani aliyefungua swali la insha asitume jibu? Maswali ya namna hii huandikwa kwa SQL kwa mistari michache, na majibu yakapangwa katika jedwali la kawaida. Yafaa tu yaendeshwe usiku, au juu ya nakala ya hifadhidata, kwa kuwa daftari huvimba upesi, na swali zito la mchana laweza kuwakwamisha wanafunzi walio katika mtihani.

Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2017, Moodle yenyewe ina kielelezo cha kubashiri ni nani aliye katika hatari ya kuacha kozi. Kielelezo hicho, hata hivyo, huja kikiwa hakijafunzwa. Sharti kilishwe kozi zilizokwisha za chuo husika, zenye tarehe za mwanzo na mwisho. Idara yenye kozi tatu haina cha kukilisha. Kwa maoni yangu maswali aliyoyatunga mwalimu mwenyewe ni bora, maana anajua kwa nini jina fulani limetokea.

Lakini hapa pana tatizo ambalo wapenzi wa takwimu hulipita haraka mno. Daftari huandika kubofya, haliandiki kusoma. Katika kozi yangu moja ya fasihi, orodha niliyoiita "Wazembe" iliongozwa na mwanafunzi aliyeingia mara mbili tu muhula mzima. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kwenda nilipoisoma insha yake, nayo ilizishinda zote. Kumbe alipakua maandishi yote siku moja akiwa chuoni, akayasoma kwao kusikoshika mtandao, na akawagawia wenzake wanne kwa simu. Hao wanne nao walikuwamo katika orodha. Neno "wazembe" halikuandikwa na daftari, nililiandika mimi.

Nililibadili swali. Sasa aliyepakua maandishi na kutuma kazi zake haorodheshwi, hata asipoonekana mwezi mzima, na jedwali huitwa "Wa Kujuliwa Hali". Wanafunzi huelezwa mwanzoni mwa muhula ni nini kinachoandikwa juu yao. Aidha, Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kwa hiyo hakuna barua itokayo kabla mwalimu hajampigia mwanafunzi simu.