RNA ndogo zinazoongoza kipindupindu

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, hujua wako wangapi. Kila mmoja humwaga kemikali nje ya seli yake: wakiwa wachache huwa hafifu, wakiongezeka hukolea. Kinachogeuza taarifa hiyo kuwa uamuzi ni RNA nne ndogo ziitwazo Qrr, kila moja ikiwa na nyukleotidi takriban 100 tu.

RNA tuliyoisoma shuleni hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Hizi hazitengenezi protini yoyote. Kwa msaada wa protini iitwayo Hfq, hushikamana na RNA nyingine na kuifanya isisomwe, au ivunjwevunjwe. Qrr huizima ile ya HapR, protini ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia sumu. Kwa hiyo bakteria wanapokuwa wachache tumboni, Qrr ni tele, HapR haba, na sumu inayomharisha mgonjwa hadi akaishiwa maji mwilini hutengenezwa. Wakishajaa, mambo hugeuka: sumu husitishwa, nao huachia ukuta wa utumbo na kutoka na kinyesi, tayari kuingia kwenye maji ya watu wengine.

Kwa nini ziwe nne? Mwaka 2004 maabara ya Bonnie Bassler, Chuo Kikuu cha Princeton, ilionyesha kwamba ukiondoa tatu, hiyo moja inayobaki inatosha. Lakini ndugu yake wa baharini, Vibrio harveyi, anazo tano, na kwake kila moja huongeza mchango wake. Zote zinafanana mno. Yaelekea ni nakala za jeni moja ya kale. Asili moja, matumizi mawili.

Kinyume chake kinanivutia zaidi. Chuma kikiadimika, E. coli hutumia RNA iitwayo RyhB kusimamisha protini zinazokila chuma hicho. Pseudomonas aeruginosa, anayesumbua wagonjwa wenye vidonda vya moto, hufanya kazi ileile kwa PrrF1 na PrrF2, ambazo mpangilio wake haufanani na RyhB hata kidogo. Hilo linawezekana kwa sababu RNA ndogo inahitaji kuhifadhi nyukleotidi chache tu zinazoshika shabaha. Nyingine ziko huru kubadilika. Ndiyo maana orodha ya RNA za E. coli, bakteria aliyechunguzwa kuliko wote, haitoshi kutuonyesha zilizomo katika vimelea vingine: lazima kila kimoja kichunguzwe chenyewe.