Uanagenzi wa wauguzi uwe chuo cha utafiti

Kuuliza si ujinga, walinena wahenga. Usemi huu hukaririwa madarasani kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, lakini nguvu zake hufifia mahali ambapo pengine zinahitajika zaidi, yaani katika wodi za hospitali. Kijana aliyehitimu shahada ya uuguzi huingia huko akiwa na maswali chungu nzima. Baada ya mwaka mmoja wa uanagenzi, hutoka akiwa hodari wa kudunga sindano, kusafisha vidonda na kuzalisha, ilhali maswali yale yamekwisha kumezwa na mazoea.

Hali hii ni ya kusikitisha. Katika vyuo vikuu vyetu, mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa mbinu za utafiti na kwa kawaida huandika mradi kabla ya kuhitimu. Hata hivyo, mradi huo mara nyingi huandikwa ili alama zipatikane, kisha hufungiwa kabatini. Mwaka wa uanagenzi, ambao ungekuwa fursa ya kuyatumia mafunzo hayo mbele ya wagonjwa halisi, hugeuzwa kuwa mwaka wa kuziba mapengo ya wafanyakazi. Makala haya yanadai kwamba uanagenzi unapaswa kuwa chuo cha pili cha utafiti, na kwamba wanaopata hasara usipokuwa hivyo ni akina mama na watoto wao.

Huenda msomaji akauliza: Je, utafiti si kazi ya madaktari bingwa na maprofesa? Historia inakanusha dhana hiyo. Florence Nightingale, ambaye wengi humkumbuka kwa taa yake tu, alikuwa mtu wa takwimu. Aliporejea Uingereza mwaka 1856 kutoka Vita vya Crimea, alikusanya hesabu za vifo vya wanajeshi na kuzichora kwa michoro ambayo hata mwanasiasa asiyependa tarakimu angeielewa. Michoro hiyo ya mwaka 1858 ilionyesha kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuiwa kuliko kwa majeraha ya vita. Kabla ya kuanzisha shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, Nightingale alikuwa tayari amethibitisha kwamba muuguzi anayehesabu anaweza kuokoa watu ambao hatawagusa kamwe kwa mikono yake.

Mfano wa pili unawahusu wakunga moja kwa moja. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, katika miaka ya 1840, palikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ilitumiwa kufundishia wanafunzi wa udaktari, na ya pili wanafunzi wa ukunga. Katika ile ya kwanza, takriban mama 10 katika kila 100 walifariki dunia, hasa kwa homa ya uzazi. Katika ile ya wakunga walifariki takriban 4. Akina mama waliijua tofauti hiyo na walisihi wasipelekwe wodi ya kwanza. Daktari Ignaz Semmelweis alijiuliza swali ambalo mwanagenzi yeyote angeweza kuliuliza: Kwa nini? Alichunguza sababu moja baada ya nyingine na kuzitupilia mbali zile zilizokuwa sawa katika wodi zote mbili. Hatimaye aling'amua kwamba wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, jambo ambalo wakunga hawakulifanya. Mnamo Mei 1847 aliamuru mikono ioshwe kwa maji yenye klorini, na vifo vikashuka hadi kukaribia vile vya wodi ya wakunga.

Kisa hicho kina funzo la pili ambalo husahauliwa. Semmelweis alichelewa kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baadaye, nacho kilijaa marudio na maneno makali dhidi ya waliompinga. Alifariki mwaka 1865 kabla hoja yake haijakubalika. Ukweli usioandikwa vizuri, na kwa wakati wake, huzikwa pamoja na mwenyewe.

Tusidhani kwamba mifano ni ya Ulaya pekee. Chati ya uchungu, ambayo wakunga wetu huiita patografu, ilipata sura yake maarufu barani Afrika. Mwaka 1972, Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe, walichapisha chati yenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ili mkunga aliye katika kliniki ya mbali ajue ni lini ampeleke mama hospitali kuu. Baada ya kongamano la uzazi salama lililofanyika papa hapa Nairobi mwaka 1987, chombo hicho kilienezwa na Shirika la Afya Duniani. Utafiti haukukomea hapo. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali 13 za Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba si kila mama mwenye afya hufuata kanuni ya mlango wa uzazi kufunguka sentimita 1 kwa saa. Mwaka 2020 Shirika hilo likatoa mwongozo mpya. Kanuni tuliyoikariri kama sala ilirekebishwa kwa sababu watu walithubutu kuipima upya.

Kenya pia ilishiriki katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu kutokwa na damu baada ya kujifungua. Ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, na akina mama zaidi ya 210,000. Chombo chake kikuu kilikuwa rahisi: shuka ya plastiki yenye mfuko uliopigwa alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Pamoja na shuka hiyo, wakunga walitumia hatua kadhaa za matibabu kwa mpigo, bila kungoja moja ishindwe ndipo waanze nyingine. Pale ambapo utaratibu huo ulitumika, asilimia 93 ya akina mama waliotokwa na damu kupita kiasi walitambuliwa. Pale ambapo mazoea ya zamani yaliendelea, waliotambuliwa walikuwa asilimia 51. Madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi asilimia 1.6. Msomaji na atafakari: takriban nusu ya hatari ilikuwa ikipita mbele ya macho ya watu waliosoma, kwa kuwa hakuna aliyepima.

Hapa nchini bado tuna kazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 89 ya watoto walizaliwa wakihudumiwa na mtaalamu, ikilinganishwa na asilimia 62 mwaka 2014. Hizo ni habari njema. Hata hivyo, sensa ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba mama 355 hufariki dunia kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kumfikisha mama hospitalini ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni yale anayotendewa akiisha kufika, na hayo yanajulikana na aliye wodini usiku wa manane kuliko mwandishi wa sera aliye ofisini.

Kwa kuwa taaluma yangu ni isimu, niruhusiwe kutaja upande mmoja wa utafiti ambao hupuuzwa, nao ni lugha. Data za muuguzi huanza kuwa maneno kabla hazijawa tarakimu. Mama anaulizwa: "Uchungu ulianza lini?" Anajibu: "Saa mbili usiku." Mwanagenzi aliyechoka, ambaye fomu yake inatumia saa za Kizungu, anaandika 0200 badala ya 2000. Ikiwa mama alifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi, basi amekuwa na uchungu kwa saa 10, lakini karatasi inasema ni saa 4. Saa 6 zimepotea katika tafsiri. Kosa hilo haliwezi kusahihishwa na hesabu yoyote ya kompyuta.

Hali kadhalika, tazama swali, "Una watoto wangapi?" Mama huhesabu walio hai. Waliofariki wakiwa wachanga na mimba zilizoharibika huachwa nje, na ndizo hasa habari ambazo mkunga anazihitaji. Katika baadhi ya jamii, kuwahesabu watoto hadharani ni mwiko, hivyo jibu linaweza kuwa la adabu badala ya kuwa la ukweli. Swali bora ni refu zaidi: "Umepata mimba mara ngapi, ukihesabu na hii? Waliozaliwa hai ni wangapi? Je, yupo uliyempoteza?" Nalo sharti liulizwe kwa sauti ya chini, pasipo na shemeji wala mama mkwe anayesikiliza. Neno "homa" nalo hutumiwa na watu kumaanisha joto la mwili, mafua, au hata malaria. Mtafiti asiyeuliza mgonjwa anakusudia nini atakuwa anahesabu maneno akidhani anahesabu maradhi.

Upo pia uzito wa ridhaa. Sheria za nchi na kanuni za maadili zinataka mtu ashiriki utafiti kwa hiari yake. Lakini mama aliye katika uchungu, anayeombwa sahihi na yule yule atakayemzalisha, ana hiari gani? Mwanagenzi ana wajibu wa kueleza kwa Kiswahili chepesi, au kwa lugha ya mama mwenyewe, kwamba akikataa atahudumiwa vile vile. Tena aeleze kliniki, kabla ya uchungu kuanza, na si katika kitanda cha kujifungulia. Kijana aliyejifunza kuomba ridhaa kwa namna hiyo amejifunza uuguzi wenyewe.

Swali ni je, haya yote yatawezekana vipi katika mwaka mmoja? Pendekezo la kwanza ni kwamba utafiti wa mwanagenzi uwe mdogo, tena uzaliwe wodini. Asitafute mada vitabuni. Miezi miwili ya mwanzo atazame na kuandika kila linalomkera: dawa inayochelewa, chati isiyojazwa, mama anayesubiri upasuaji kwa saa nyingi. Kutokana na hayo achague swali moja lenye jibu la kuhesabika. Kwa mfano: Kati ya faili 100 za akina mama waliojifungua hapa, ni ngapi ambazo chati ya uchungu ilijazwa kikamilifu? Na zile zisizojazwa ziliachwa saa ngapi, na katika zamu ipi?

Swali kama hilo halihitaji mamilioni ya shilingi. Linahitaji kibali cha hospitali na cha kamati ya maadili, daftari, na uaminifu. Kwa kuwa wanagenzi huhamishwa kutoka wodi hadi wodi, kazi inayotegemea faili zilizopo inaweza kukamilika hata mwandishi wake akihamia wodi ya watoto.

Pili, kila mwanagenzi awe na mlezi wa utafiti aliye papo hapo hospitalini, muuguzi mzoefu anayeijua wodi, akishirikiana na mhadhiri wa chuo. Kwa sasa chuo humwaga mkono mwanafunzi siku ya mahafali, nayo hospitali humpokea kama kibarua. Tatu, atengewe saa chache maalumu kila wiki, zilizoandikwa katika ratiba ya zamu. Kazi isiyo na saa yake hufanywa usiku, nayo ya usiku hufanywa kwa uongo.

Nne, afundishwe kusoma tarakimu kwa tahadhari. Tuseme hospitali ndogo ilipoteza watoto 2 mwezi uliopita na mwezi huu imepoteza 1. Kutangaza kwamba vifo vimepungua kwa asilimia 50 ni kujidanganya, kwani mwezi ujao vinaweza kuwa 3 bila lolote kubadilika. Tano, matokeo yarudi kwa wenyewe. Kabla ya kuondoka, mwanagenzi aisimulie wodi alichokiona, kwa lugha inayoeleweka na muuguzi mkuu na msafishaji vile vile, na aache ukurasa mmoja ambao mrithi wake ataanzia hapo.

Wapo watakaosema kwamba wanagenzi wamechoka na posho yenyewe huchelewa. Hoja hiyo ina uzito. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 uliendelea kwa siku 56, na posho ya wanagenzi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozozaniwa. Huwezi kumdai mtu mwenye njaa awe mdadisi. Kwa sababu hiyo, utafiti usiwe mzigo unaoongezwa juu ya mizigo mingine. Ukilazimishwa bila saa, mlezi wala malipo, tutavuna miradi ya kununuliwa na data za kubuni, nazo ni hatari kuliko kukosa data kabisa. Lakini uchovu huo huo ni sababu ya kuuliza. Ni nani atakayemthibitishia mwajiri kwamba muuguzi mmoja hawezi kuwatazama wajawazito kumi kwa wakati mmoja, kama si muuguzi mwenyewe, kwa hesabu zisizopingika?

Walimu wa sekondari nao wasijione kwamba suala hili haliwahusu. Mtoto anayekemewa kwa kuuliza "kwa nini" katika kidato cha kwanza ndiye atakayesimama wodini miaka kumi baadaye akijaza fomu asiyoielewa. Kwenu wanafunzi wa uuguzi, nasema hivi: mkiingia wodini, ingieni na daftari dogo mfukoni. Andikeni mlichokiona, saa mliyokiona, na maneno aliyoyatumia mgonjwa mwenyewe. Huenda mengi yakawa ya kawaida. Lakini mmoja wenu, siku moja, atagundua kwamba jambo ambalo kila mtu aliliona la kawaida ndilo lililokuwa likiwaua akina mama.