Kabla ya kulipia lifti, itazame sakafu

Fundi aliyechoka kulala chali juu ya boksi huanza kwa kuulizia bei ya lifti. Angeanza na sakafu. Lifti ya nguzo mbili ya tani 4 hushikiliwa na bolti zilizozama kwenye zege, na gereji nyingi za Dar es Salaam zina kokoto zilizopigwa sementi juu juu tu. Kila mtengenezaji ana kipimo chake cha unene, ila mimi chini ya inchi 6 nisingethubutu. Kisha zege lisubiriwe siku 28 likomae. Gharama ya zege hilo haimo kwenye risiti ya muuzaji. Paa nalo lipimwe: Noah ikipanda mita 1.8, juu yake inafika mita 3.6 na ushee.

Shimo la kuingia chini ya gari ni nafuu kuliko lifti yoyote na halidai umeme. Kwa kumwaga oili au kubadili ekzosi linatosha kabisa. Ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama humo humo alipo fundi, na cheche ya taa inatosha kuuwasha. Huko mabondeni masika ikiingia, shimo ni kisima. Tena magurudumu yamebaki chini, kwa hiyo breki na shokapu bado utazifanya kwa jeki na stendi.

Lifti ya nguzo nne hubeba gari kwa magurudumu yake. Inafaa alaimenti na magari mazito, lakini inakula nafasi, na ukitaka kufungua tairi unaongeza jeki ya kati. Mwenye nafasi ya gari moja tu ningemshauri nguzo mbili. Shida yake ni mikono: Land Cruiser unaishika kwenye chesisi, lakini IST haina chesisi. Raba ikikaa nje ya ile kingo iliyoimarishwa, unamrudishia mteja gari lililobonyea. Na ukishusha injini au gia boksi, uzito unahama. Weka stendi ndefu kabla hujalegeza bolti ya kwanza.

Uliza pia mota inataka umeme wa njia moja au njia tatu, maana kuvuta njia tatu ni bili nyingine. Umeme ukikatika gari likiwa juu, lifti nyingi hazishuki: ili loki ziachie, sharti gari lipandishwe kidogo kwanza. Nyingine zina pampu ya mkono. Hiyo ningeilipia.

Tuseme mashine ni milioni 7, zege na umeme milioni 2. Kama lifti inakuongezea faida ya 15,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hela inarudi baada ya karibu miaka miwili. Gereji inayopokea magari mawili kwa wiki ibaki na shimo.

Ya mtumba inaweza kufupisha muda huo, ila usiridhike na rangi mpya. Kagua waya kama nyuzi zimekatika, kisha mwambie muuzaji anyanyue gari bila kulikalisha kwenye loki. Piga alama ya chaki kwenye nguzo, mtu yeyote asiingie chini, subirini saa moja. Mkono ukiwa umeshuka chini ya chaki, mafuta yanavuja ndani ya silinda au kwenye vali, na bei aliyokutajia ipunguzwe kwa gharama ya matengenezo hayo.