Tetemeko la ardhi: Namna mawimbi yake yanavyofichua yaliyomo tumboni mwa dunia

NDUGU msomaji, siku ya Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kuifikia Idil-Hajj. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba yakaanguka au kupata nyufa. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Mtikisiko huo ulihisiwa pia Uganda, Rwanda na Burundi.

Haukupita muda mrefu, vyombo vya habari vikatangaza vipimo vya wataalamu: ukubwa wa tetemeko ni 5.9, chanzo chake kiko umbali wa kilomita 40 chini ya ardhi, na kitovu chake ni wilayani Missenyi, karibu na mpaka wa Uganda. Msikilizaji mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: ni nani aliyeshuka kilomita 40 chini ya ardhi akapima na kurudi? La pili ni zito zaidi: ikiwa wataalamu wanayajua yote hayo, mbona hawakutuambia siku moja kabla, watu wakatoka majumbani mwao wakasalimika?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali yote mawili, kwani jibu la la kwanza ndilo ufunguo wa la pili.

HAKUNA ALIYESHUKA

Kutoka juu ya ardhi hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kuliko yote kwenda chini ambalo mwanadamu amewahi kulichimba kwa ajili ya utafiti ni lile la Kola, kaskazini mwa Urusi. Uchimbaji wake ulianza mwaka 1970, na ulipofika mwaka 1989 ulikuwa umefikia mita 12,262, yaani kilomita 12 na ushei. Joto na ugumu wa kazi vikawazuia wachimbaji kuendelea. Basi baada ya jitihada zote hizo, binadamu hajatoboa hata ganda la juu la dunia.

Kwa hiyo wanasayansi hawashuki. Wao husubiri habari ziwajie kutoka chini, na wenye kuzileta habari hizo ni mawimbi ya tetemeko lenyewe. Mwamba uliobanwa kwa miaka mingi unapokatika ghafla, mtikisiko wake husambaa pande zote kama viwimbi vya maji ya bwawa lililotupiwa jiwe. Tofauti ni kwamba viwimbi vya bwawa husambaa juu ya maji, na mawimbi ya tetemeko hupita ndani ya mwili wa dunia na kutokea upande wa pili.

Jambo hili lilithibitika mwaka 1889, pale mtaalamu wa Kijerumani, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alipogundua kwamba chombo chake kilichokuwa Potsdam kilikuwa kimeandika mtikisiko wa tetemeko lililotokea Japani. Hakuna mtu yeyote mjini Potsdam aliyehisi kitu. Ila chombo kilihisi.

Chombo hicho, kipimatetemeko, msingi wake si mgumu kuelewa. Msomaji amewahi kusimama ndani ya daladala. Gari linapoondoka kwa ghafla, miguu huenda na gari na kiwiliwili hubaki nyuma. Ndivyo kilivyo kipimatetemeko: uzito umening'inizwa kwa springi ndani ya sanduku lililofungwa imara ardhini. Ardhi ikitikisika, sanduku hutikisika nayo na uzito huchelewa kuifuata. Tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo inayoandikwa. Zamani iliandikwa kwa kalamu juu ya karatasi inayozunguka, na leo inaandikwa kwa umeme na kurushwa kwenye kompyuta kwa wakati huohuo.

WAJUMBE WAWILI WASIOLINGANA MBIO

Katika mawimbi yapitayo ndani ya dunia yako ya aina mbili. Wimbi la kwanza husukuma na kuvuta, mfano wa watu waliopanga foleni, wa nyuma akimsukuma aliye mbele yake, naye akamsukuma wa mbele yake, mpaka msukumo ukamfikia wa mwanzo. Wimbi hili ndilo lenye mbio zaidi, na katika miamba ya juu ya dunia huenda takriban kilomita 6 kwa sekunde. Wimbi la pili hutikisa ubavuni, mfano wa kamba iliyofungwa mtini kisha mtoto akaipunga ncha yake. Hilo huenda kilomita 3 na nusu hivi kwa sekunde. Baada ya hayo mawili hufuata mawimbi yatambaayo juu ya uso wa ardhi, ambayo ni mazito na mara nyingi ndiyo yabomoayo zaidi.

Wajumbe hawa wawili huondoka pamoja na hawafiki pamoja. Kila safari inapokuwa ndefu, ndivyo yule wa pili anavyozidi kuachwa. Sote tulifundishwa utotoni kuhesabu baina ya umeme wa radi na ngurumo yake ili kujua radi imepiga karibu au mbali. Wataalamu hufanya hesabu ya namna hiyohiyo. Kwa masafa ya karibu, kila sekunde moja baina ya wimbi la kwanza na la pili ni takriban kilomita 8. Zikipita sekunde 10, tetemeko limetokea kiasi cha kilomita 80 kutoka kwenye chombo.

Chombo kimoja hueleza umbali bila kueleza upande. Mtaalamu huchukua ramani akachora duara kuzunguka kituo hicho. Kisha huchora duara la kituo cha pili na la cha tatu. Pale yanapokutana maduara matatu ndipo kilipo kitovu. Na kwa kuwa chanzo kiko chini ya ardhi, hesabu za vituo vingi kwa pamoja huonyesha pia kina chake. Kwa njia hii ndivyo zilivyopatikana zile kilomita 40 za Kagera. Kituo cha Kilima Mbogo, nchini Kenya, kiko zaidi ya kilomita 600 kutoka kitovu kile, na safari hiyo wimbi la kwanza huimaliza kwa muda wa dakika moja na nusu hivi.

Ama ukubwa, yaani ile 5.9, hukokotolewa kutokana na nguvu ya mawimbi hayo. Hapa pana kosa linalofanywa na wengi. Tetemeko la 6 halilizidi la 5 kwa kiasi kidogo. Kila hatua moja ya kipimo ni takriban mara 32 ya nguvu inayotoka ardhini.

MAWIMBI YALIVYOICHORA DUNIA

Elimu hii haikuishia kwenye kutafuta vitovu. Mnamo Oktoba 8, 1909 lilitokea tetemeko karibu na mji wa Zagreb, nchini Croatia. Mtaalamu wa huko, Andrija Mohorovičić, alipokusanya karatasi za vituo mbalimbali aliona ajabu: vituo vya mbali vilipokea wimbi mapema kuliko ilivyotarajiwa. Fikiria wasafiri wawili. Mmoja amefuata njia fupi ya mashimo, mwingine amezunguka mpaka kwenye barabara ya lami. Kwa safari fupi hutangulia wa kwanza, na kwa safari ndefu hutangulia yule wa lami ijapokuwa amezunguka. Mohorovičić akatambua kwamba chini ya ganda la dunia kuna miamba mingine ambamo mawimbi hukimbia zaidi. Mpaka baina ya ganda na miamba hiyo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kabla yake, mwaka 1906, Mwingereza Richard Oldham alikuwa ameonyesha kutokana na mawimbi kwamba dunia ina kiini. Baadaye ikafahamika kwamba wimbi la pili, lile la kamba, halipiti kabisa ndani ya kimiminika, na kwamba linapofika kina cha kilomita 2,900 hukoma. Kwa hiyo sehemu ya nje ya kiini ni madini yaliyoyeyuka. Kisha mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, alichunguza mawimbi ya tetemeko la New Zealand la mwaka 1929 na kuonyesha kuwa ndani ya kiini hicho kuna kiini kingine, ambacho leo tunajua ni kigumu.

Hapa kwetu Tanzania, katika miaka ya 1994 na 1995 vilitegwa vipimatetemeko 20 katika maeneo mbalimbali ya nchi. Mawimbi yaliyonaswa yalionyesha kwamba ganda la dunia chini yetu lina unene wa takriban kilomita 36 hadi 42. Msomaji akikumbuka kina cha tetemeko la Kagera ataona kwamba lilianzia karibu na sakafu ya ganda lenyewe. Hii ni moja ya sababu za mtikisiko wake kuhisiwa katika eneo pana kiasi kile.

Inafaa ikumbukwe kwamba vipimatetemeko vina umri wa miaka mia moja na ushei tu, na mitetemeko mikubwa ya mahali pamoja huweza kupishana kwa mamia ya miaka. Kwa habari za kabla ya hapo, watafiti hurejea vitabu, na vya Waislamu vina nafasi yake. Imam Jalaluddin as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliandika kitabu mahususi, Kashf as-Salsala an Wasf az-Zalzala, akiorodhesha mitetemeko kwa miaka yake na miji iliyopatwa. Orodha hiyo watafiti wa zama zetu wameitumia katika kukusanya historia ya mitetemeko ya Mashariki ya Kati. Mwanachuoni aliyeandika tarehe kwa uaminifu aliwafaa watu waliokuja karne nyingi baada yake.

MBONA HAWAKUTUAMBIA?

Sasa tulirudie swali la pili. Mawimbi ni habari ya jambo lililokwisha kutokea. Hakuna wimbi kabla mwamba haujakatika. Mtaalamu anaweza kusema eneo gani limebanwa na lina historia ya kutikisika. Anajua kwamba Afrika Mashariki inapasuliwa taratibu na Bonde la Ufa, kwa milimita chache kila mwaka. Anajua kwamba Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko linalokadiriwa kufikia 7.4, na kwamba Desemba 5, 2005 Ziwa Tanganyika lilitikiswa na la 6.8. Lakini hakuna mtu duniani mwenye njia iliyothibitika ya kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo.

Kuna kitu kimoja tu kinachofanana na onyo. Kwa kuwa wimbi la kwanza hutangulia na kwa kawaida si lenye kubomoa sana, nchi kama Meksiko na Japani zimeweka vyombo vingi vinavyolinasa wimbi hilo na kupeleka habari kwa umeme, ambao una kasi kuliko wimbi lolote la ardhini. Miji iliyo mbali na kitovu hupata sekunde kadhaa, pengine dakika moja. Zinatosha kusimamisha treni na kumtoa mtu karibu na dirisha. Huko si kutabiri. Tetemeko limekwisha kuanza.

Basi kila linapotokea tetemeko na ukazuka ujumbe wa simu usemao kwamba usiku wa leo saa fulani litakuja kubwa zaidi, ndugu msomaji jua kuwa huo ni uzushi, hata ukipachikwa jina la chuo au la sheikh. Ni kweli kwamba mitetemeko midogo hufuata baada ya kubwa, na ni busara kutolala ndani ya nyumba iliyopata ufa. Lakini mwenye kutaja saa amedai elimu asiyokuwa nayo, na mwenye kuusambaza ujumbe wake anashiriki kuwatia hofu wazee, wagonjwa na watoto.

KINACHOUA NI NYUMBA

Jibu lenye manufaa linapatikana kwa kulinganisha mwezi wa Januari na Februari wa mwaka 2010. Januari 12, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, na waliokufa walizidi laki moja. Februari 27, Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nguvu takriban mara 500 ya lile, na waliokufa hawakufika elfu moja. Zipo sababu zaidi ya moja, ikiwemo umbali wa kitovu na miji. Lakini iliyo kubwa ni kwamba Chile ilikuwa na sheria za ujenzi na ikazisimamia, na Haiti haikuwa nazo.

Kwa hiyo mwenye kujenga katika mikoa iliyo jirani na Bonde la Ufa na maziwa makuu asimwachie fundi peke yake. Aulize kama kuna linta ya zege yenye nondo inayozunguka nyumba nzima bila kukatika, kama kuta zimeunganishwa vyema kwenye pembe, na kama tofali zimejengewa udongo mtupu au saruji. Aliye na nyumba tayari afunge makabati ukutani na asiweke kitu kizito juu ya kitanda cha mtoto. Watoto wafundishwe nyumbani, shuleni na madrasa: ardhi ikitikisika, inama, ingia chini ya meza imara, ushikilie mpaka itulie. Aliye nje akae mbali na kuta na nguzo za umeme.

Waislamu tunayo sura katika Qur'ani iliyopewa jina la tetemeko, ya 99, na watoto wetu huihifadhi mapema. Kuikumbuka Siku ile hakumzuii mtu kuweka nondo katika ukuta wake. Tawakul tuliyofundishwa ni ya mwenye kumfunga ngamia wake kwanza, kisha akamtegemea Mola wake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika msiba wa Kagera, na azihifadhi familia zetu. Wabillahi tawfiq.