Kabati la chini jikoni: pata nafasi zaidi na umlinde mtoto

Mtoto anayetambaa hafiki kwenye rafu ya juu. Anachokiona na kukishika ni kile kilicho chini: mlango wa kabati, dumu lililo sakafuni, chupa iliyofichwa nyuma ya ndoo. Lakini huko chini ndiko wengi wetu tunakorundika kila kitu kilichokosa mahali pake.

Mabibo, kama ilivyo Manzese na Kigogo, familia nyingi huishi kwenye chumba kimoja au viwili vya kupanga. Jiko ni kona ya chumba, au korido mnayotumia pamoja na wapangaji wengine. Nafasi ikiwa ndogo, unga, sufuria, mafuta ya taa, jiki na sumu ya panya huishia sehemu moja. Kama huna kabati bali una meza yenye pazia chini yake, maelekezo haya yanakuhusu pia.

Hatua ya kwanza: toa kila kitu

Chagua siku ambayo kuna mtu wa kukushikia mtoto. Toa vitu vyote nje, kisha uvigawe katika mafungu matatu:

- Vyombo: sufuria, mifuniko, bakuli, hotipoti, ndoo.
- Chakula: unga, mchele, maharage, karanga, unga wa lishe.
- Vitu vya hatari: mafuta ya taa, jiki, dawa ya chooni, sumu ya panya, dawa ya mende, viberiti, visu na dawa za binadamu.

Fungu la tatu halirudi chini kabisa, hata kama nafasi ipo.

Vitu vya hatari vipande juu

Weka vitu hivyo kwenye boksi au ndoo yenye mfuniko wa kubana, juu kuliko kichwa cha mtu mzima, na mahali ambapo mtoto hawezi kufika kwa kupanda kiti. Kama una kabati lenye kufuli, ni bora zaidi. Dawa za binadamu zikae peke yake, mbali na sumu. Usiweke sumu juu ya chakula, maana chupa inaweza kuvuja.

Zingatia mambo haya manne:

1. Usiweke mafuta ya taa au jiki kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto mwenye kiu hatambui tofauti. Mafuta ya taa yakiingia kwenye mapafu huleta homa kali ya mapafu.
2. Kama unatengeneza sabuni nyumbani, kostiki soda inafanana na chumvi au sukari. Punje chache zinaweza kuunguza mdomo na koo la mtoto.
3. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki ni salama kwako, lakini mtoto akimeza vingi vinaweza kumuua. Usiviache kwenye pochi wala juu ya meza.
4. Usichanganye jiki na dawa ya chooni. Zikichanganyika zinaweza kutoa hewa yenye sumu.

Kama korido ni ya wote, zungumza na majirani. Chupa ya mpangaji mwenzio ni hatari kwa mtoto wako sawa na ya kwako.

Jinsi ya kupata nafasi chini

Safisha kabati kwa maji ya sabuni, liache likauke, na uzibe matundu ya panya. Kisha panga hivi:

- Ingiza sufuria moja ndani ya nyingine, kubwa ikiwa nje. Seti nzima itachukua nafasi ya sufuria moja.
- Toa mifuniko kwenye rundo. Pigilia misumari miwili ndani ya mlango, funga kamba kati yake, na uichomeke hapo.
- Kabati nyingi zina nafasi tupu juu ya vyombo. Weka ubao juu ya matofali mawili au makopo imara, utapata rafu ya pili.
- Vitu vya wageni vikae nyuma kabisa. Vya kila siku vikae mbele, ili usilazimike kuacha mlango wazi huku ukitafuta.
- Vitu vizito vikae chini kabisa, visije vikamwangukia mtoto akivuta.
- Mwachie mtoto kona yake yenye vikombe vya plastiki na mwiko. Akipata cha kuchezea, hatasumbuka sana kutafuta kingine.

Funga milango kwa kuzungusha kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye vishikio vyote viwili.

Chakula kikae pakavu

Kabati la chini, hasa lililo chini ya sinki, hushika unyevu. Karanga, mahindi na unga wa lishe vikipata unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Hivyo weka chakula kwenye vyombo vyenye mfuniko, juu ya ubao, si sakafuni. Usitumie ndoo iliyowahi kuwa na rangi au kemikali. Ukiona kuvu, tupa.

Mtungi wa gesi

Usifungie mtungi ndani ya kabati lisilopitisha hewa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, na cheche moja inatosha kuleta moto. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa. Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu, fungua milango na madirisha, mtoe mtoto nje, na usiwashe kiberiti wala swichi ya taa.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au sumu

- Usimtapishe. Mafuta ya taa yanaweza kuingia kwenye mapafu, na kostiki huunguza koo mara ya pili.
- Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi.
- Futa mdomo wake. Kama nguo zimelowa, mvue na umwoshe ngozi kwa maji na sabuni.
- Kama ni jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.
- Akiwa amelegea au anatapika, mlaze ubavu.
- Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na chupa au pakiti yenyewe, ili daktari ajue alichokunywa.

Nenda hata kama anaonekana mzima. Kikohozi, kupumua kwa shida na usingizi usio wa kawaida vinaweza kuanza saa chache baadaye.

Ukishamaliza kupanga, piga magoti mbele ya kabati, macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto, na utazame. Kitu chochote cha hatari unachoweza kukifikia ukiwa hapo, kipandishe juu leo.